Sinia la Sala

Asifiwe Mungu, aliyeweka chakula cha mche ndani ya mbegu kabla mche haujajua kuomba, akanivusha vita na yaliyofuata vita, akaniachia macho ya kusomea mizani mpaka kichwa kikawa cheupe. Kazi yote ilikuwa yake. Mimi nilikuwa kibarua. Sasa nawaandikia ninyi vijana mnaoingia maabara leo. Mniwie radhi nikienda mbio hapa na kusimama pale, maana kazi ile haikunipa utulivu tangu siku ya kwanza.

Nilianza kazi Kampala miaka michache baada ya vita vya 1986. Mume wangu, Mtaita kama mimi, aliletwa huku na kazi ya reli, akafariki hukuhuku, nikabaki na watoto watatu katika vyumba viwili vya kupanga Kyebando. Kule kwetu Kenya nilikuwa nimefunzwa kupima mafuta ya maziwa. Nikabeba cheti changu hadi kwenye maabara moja ya utafiti wa mbegu. Mkuu wa Maabara, Mganda mrefu ambaye sote tulimwita Daktari, alikisoma akiwa amesimama, kofia kichwani, kama mtu anayetoka.

"Maziwa," akasema. "Hapa hatuna ng'ombe, nyabo."

"Mafuta ni mafuta, Daktari."

Akanitazama. "Kale," akasema, yaani haya kwa Kiganda. "Miezi sita ya majaribio. Ukiharibu, unarudi kwa ng'ombe yako."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Miezi sita ya majaribio maana yake ni kwamba mwishoni mwake unathibitishwa kazini au unaonyeshwa mlango. Nilitoka hapo nikihesabu wiki, na sikuacha kuzihesabu.

Siku ya kwanza nilipokewa na Fundi Mkuu, Mzee Bahati, Mkongomani kutoka Bukavu. Jengo lilikuwa limeporwa. Mabomba ya maji yaling'olewa, vioo vya madirisha vilizibwa kwa mabati, na mizani moja tu ya kupimia vitu vyepesi ilikuwa imesalia, kwa kuwa mzee mwenyewe aliizungushia blanketi akaificha kwake wakati wa mapigano. Aliifungua mbele yangu taratibu, kama mama anayefunua mtoto aliyelala.

"Hii njo roho ya maabara, Mama," akasema. "Usiikoholee."

Kazi tuliyokuwa nayo mwaka ule nitaieleza kwa maneno mepesi. Mbegu ya alizeti haina majani wala udongo wa kuilisha. Ina akiba ya mafuta. Mafuta hayo yamo ndani yake katika matone madogo sana, kila tone limevikwa utando wake. Mbegu ikipata maji, vimeng'enya vinaamka. Vimeng'enya ni vile vitu ndani ya kiumbe hai vinavyoharakisha mabadiliko. Vinapasua tando, vinavunja mafuta, na mche unayageuza kuwa sukari ya kujengea shina na mizizi. Hayo yalijulikana. Swali letu lilikuwa hili: mche ukiotea kwenye mwanga, je, unaimaliza akiba yake mapema kuliko ukiotea gizani? Wenye viwanda vya kukamua mafuta walitaka kujua, maana magunia yao yalilowa kwa mvua na mbegu zikaanza kuota ghalani, nao hawakujua kama kuziba madirisha kungewaokolea chochote.

Aliyebeba swali hilo alikuwa binti mmoja, Nakato, mwanafunzi wa shahada ya pili, mcheshi na mwenye kujituma. Kila awamu ilichukua siku saba. Aliotesha masinia mawili ya alizeti juu ya pamba yenye maji: moja kwenye rafu yenye taa, jingine katika chumba cha giza, stoo ya zamani isiyo na dirisha, ambayo mlango wake tulikuwa tumeutundikia mablanketi mawili mazito ya mitumba kutoka soko la Owino. Kila siku mimi nilichukua miche kumi kutoka kila sinia. Niliikausha kwenye tanuri dogo, nikaisaga kwa kinu na mchanga safi, nikayatoa mafuta kwa etha, dawa nyepesi inayoyeyusha mafuta na kisha kuruka hewani yenyewe. Kinachobaki kwenye chupa ndicho mafuta. Unapima. Unaandika. Kesho yake unarudia.

Kwa chumba cha giza palikuwa na sheria mbili, nazo Daktari alizisema mwenyewe. Mlango usifunguliwe kabla mablanketi hayajashushwa. Na anayechukua miche atumie tochi moja tu, ile iliyofungwa karatasi ya kijani ya peremende. Nilizishika sheria hizo kama amri.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Nimezoea kusali adhuhuri. Tangu utoto nilifundishwa kwamba anayesali aingie ndani afunge mlango. Maabara ile ilikuwa na kelele, mafundi wa mabomba wakigonga, wanafunzi wakibishana, na mimi mjane mgeni niliyekuwa nikitafuta pembe moja tu ya kunyamaza. Chumba cha giza kilikuwa kimya. Basi kila siku, saa saba mchana, nilishusha mablanketi, nikafunga mlango barabara, nikakaa juu ya debe nikasali kama robo saa kutoka kwenye kitabu changu cha sala.

Kitabu hakisomeki gizani. Tochi ilikuwepo, lakini betri zilikuwa za kazi, adimu, na kuzimaliza kwa sala zangu binafsi nilikuona ni wizi. Kwa hiyo nilikuja na mshumaa wangu mwenyewe kutoka nyumbani. Nilidhani karatasi ya kijani ni ya kupunguza ukali wa tochi tu, na mshumaa ni hafifu kuliko tochi. Wala sikuona jani lolote mle likigeuka kijani. Nilikaa na dhamiri safi kabisa, mshumaa ukiwaka rafuni, hatua mbili kutoka kwenye sinia la Nakato.

Awamu tatu tulifanya hivyo. Mara zote tatu, mafuta ya miche ya giza yalipungua karibu sawa na ya miche ya mwanga. Nakato alisikitika kidogo, maana alitarajia tofauti, lakini namba ni namba. Palikuwa na mambo mawili ya ajabu tu. Mche wa gizani kwa kawaida huinamisha shingo kama ndoano mpaka uone mwanga. Wa kwetu ulikuwa umenyooka nusu.

"Labda alizeti ya Uganda ina kiburi," Nakato akasema. "Haipendi kuinama."

La pili, miche yote ililala upande mmoja. Mzee Bahati alisema rafu imepinda, akachonga kabari akaipachika chini yake. Miche ikaendelea kulala upande uleule.

Daktari akaanza kuandika ripoti: mwanga haubadilishi kitu. Viwanda vingepelekewa barua ya kusema hivyo, na Nakato angeitetea tasnifu yake mbele ya watahini kwa maneno hayohayo. Mimi nilibakiza wiki tatu nithibitishwe kazini. Daktari alikuwa ameshaniambia, "Mizani yako ni safi, Mama Wakio." Wakio ndiye kifungua mimba wangu. Nililala vizuri usiku huo, na ndio ukawa wa mwisho kwa muda mrefu.

Kwa maana siku iliyofuata karatasi ya tochi ilichanika. Mzee Bahati alikuwa akitafuta nyingine katika mfuko wa peremende, nami nikamwokotea moja.

"Hii hapa, Mzee. Nyekundu."

Akacheka mpaka akakaa. "Nyekundu! Mama, unataka kuua kazi ya huyu mtoto? Mimea haina macho ya kuona kijani vizuri. Lakini nyekundu, ee, hiyo inaiona kuliko zote. Kidogo tu, inaamka."

"Hata ikiwa hafifu?"

"Hata dakika moja."

"Na mshumaa, Mzee, mwanga wake ni wa rangi gani?"

"Mshumaa? Ile ni nyekundu na manjano tupu." Akaendelea kukata karatasi. "Kwa nini?"

Nilikwenda nikasimama nyuma ya jengo. Shingo zilizonyooka nusu. Miche iliyolala upande mmoja, upande wa debe langu.

Siku tatu nilinyamaza. Nawaambia ukweli, vijana, sikunyamaza kwa kutafakari. Nilinyamaza kwa hofu. Nilitembea kwa miguu kutoka Kyebando asubuhi nikiwa nimeamua kusema, nikifika mlangoni naona watoto wangu watatu, naamua kutosema. Jioni kinyume chake. Nilisaga mbegu mpaka mchi ukanichubua kiganja. Nilijiambia kwamba mshumaa ule labda haukufanya kitu. Nilijiambia Mungu hangeruhusu sala iharibu kazi ya mtu. Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyonishtua, kwa sababu nilijua nilikuwa natafuta kumfanya Mungu shahidi wa uongo wangu.

Siku ya nne nilibisha mlango wa Daktari. Nakato alikuwa ndani, wakipitia ripoti. Ningeweza kusema nitarudi. Nilijua sitarudi.

"Daktari, lile giza letu si giza," nikasema. Nikawaeleza yote, mshumaa, debe, betri.

Nakato akashika kichwa. "Banange! Maama, miezi mitano! Ulikuwa unasali juu ya mbegu yangu miezi mitano?"

"Si juu yake, binti yangu. Kando."

"Kando!" Akacheka, kisha akalia, kisha akatoka nje bila kufunga mlango.

Daktari hakuwa mtu wa kanisa. Alivua miwani. "Betri ya maabara ungetumia, tungekuwa salama. Unaelewa hiyo? Ungeiba kidogo, tungekuwa salama."

"Naelewa, Daktari."

"Mimi naona hii kitu haielezeki kwa wenzangu." Akaandika jambo kwenye karatasi, akalikata. "Unasali dakika ngapi?"

"Kama robo saa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi, isipokuwa nilipougua."

"Basi sikiliza. Hatujui kama ni mshumaa. Wewe unasema, lakini kusema si kupima. Tutaotesha upya masinia matatu. Moja mwanga. Moja giza ya kweli, chumba kingine, hata panya asiingie. Na la tatu utalisalia. Saa ileile, mshumaa uleule, debe lilelile."

"Na mimi, Daktari? Kazi yangu?"

"Kwanza tupime."

Hapo ndipo nilipofungwa pande zote mbili. Sinia langu likifanana na la giza, sikuwa na kosa, lakini kasoro ya Nakato ingebaki bila maelezo na kazi yake yote ingetupwa. Likifanana na la mwanga, Nakato angejua kilichoharibu kazi yake na angeweza kuitengeneza, ila mharibifu angekuwa mimi, na muda wangu wa majaribio ulikuwa unakwisha Ijumaa ya wiki ya pili. Watu huniuliza niliomba nini. Sikujua cha kuomba. Kila nilichokiomba kilikuwa na mtu wa kuumizwa.

Siku ya kwanza Daktari alisimama nje ya mablanketi na saa mkononi. "Anza," akasema, kama refa. Nikawasha mshumaa, nikafungua kitabu. Macho yalipita juu ya maneno wala hayakushika hata moja. Nilisikia viatu vyake vikisogea. "Imetosha. Toka."

Siku ya pili vilevile. Mzee Bahati alikuwa akinisubiri mlangoni. "Mama, leo umesema Amina mbio sana. Miche inalalamika, haikushiba."

"Nenda zako, Mzee."

"Minaenda. Lakini unikumbuke na mimi humo ndani, goti inaniuma."

Siku ya tatu nilimfuata Daktari kabla hajatoa saa yake. Jambo lilikuwa likinitafuna. "Daktari, ni lazima nisali kweli, au nisome tu?"

"Kwa mbegu ni sawa," akasema. "Kwa wewe, sijui. Hiyo siwezi kupima."

Basi siku ya nne nilifunga kitabu. Nikakaa nikiitazama miche. Ilikuwa imetoka kwenye pamba, myembamba, ya rangi ya siagi, nayo ilikuwa imeanza kuinama yote pamoja kuelekea mahali mshumaa ulipokaa. Hakuna aliyeisukuma. Nikaona jinsi ilivyokuwa ikitumia akiba yake, haina nyingine, haijui kama huu ni mwanga wa kweli au wa robo saa. Sikusema neno. Nilikaa nayo mpaka Daktari akaita. Kama ile ilikuwa sala, sikuileta mimi.

Mzee Bahati alipochungulia kesho yake kwa tochi ya kijani, alipiga mkono kichwani. "Kumbe rafu haikupinda! Mungu wangu, na kabari nilichonga siku nzima!"

Siku ya saba tukapima. Nakato alikuwa ameanza kusema nami tena, maneno ya kazi tu. Daktari hakuniacha niguse mizani. Alimwita Mzee Bahati asome na Nakato aandike, mimi nikakaa mbali na kuangalia. Sinia la mwanga: mafuta karibu kwisha. Sinia la giza la kweli: mafuta bado mengi, miche mirefu, shingo zimepinda kama vishikio vya miavuli. Kisha chupa yangu. Mzee alisoma, akarudia kusoma, akaisoma mara ya tatu kwa sauti ya chini.

Ilikuwa karibu kabisa na ya mwanga.

Nakato aliweka kalamu chini. "Ni yeye," akasema. Halafu, polepole, kama mtu anayeona mlango mahali alipodhani pana ukuta: "Lakini Daktari, robo saa tu. Robo saa ya mshumaa kwa siku, na mche unakula akiba kama ulio juani. Hii ni kubwa kuliko swali letu la kwanza."

"Ni kubwa kama utarudia mara tatu," Daktari akasema. "Na kwa taa inayopimika, si kwa mshumaa wa mama." Akanigeukia. "Njoo ofisini."

Ofisini hakuniambia niketi. "Ungenyamaza," akasema, "Ijumaa ningekuthibitisha. Barua ilikuwa imeandikwa."

"Najua, Daktari."

"Ningepeleka uongo kwa viwanda, na jina langu chini yake."

"Najua."

Alichana barua. Nilisikia kila uzi wa karatasi ile. "Sikuthibitishi. Miezi sita mingine ya majaribio, tangu mwanzo. Nakato ndiye atakusimamia. Ukimkosea yeye, sitaki kusikia. Na mshumaa ubaki Kyebando."

Nilitoka nikiwa sijui nilie au nicheke. Sikufukuzwa, sikusamehewa pia. Nilikuwa nimerudishwa siku ya kwanza, na binti wa umri wa kuzaliwa na mimi akawa bosi wangu. Alikuwa mkali. Alinifanya niandike saa na dakika kila nilipogusa mlango. Tulirudia mara tatu, kisha mara tatu nyingine, na alipoitetea tasnifu yake nilikuwa nimekaa nyuma ya chumba. Mtahini mmoja alimuuliza wazo la robo saa alilitoa wapi. Alijibu bila kusita, "Kwa fundi wetu, aliyekosea akaja akasema." Miezi sita ilipokwisha, barua yangu ya kuthibitishwa ilitiwa sahihi na mikono miwili, wa Daktari na wake.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilihamishiwa kiwanda cha kukamua mafuta Kawempe, chini ya Meneja wa Ubora ambaye hakuamini kitu asichokinusa, nikawazibisha madirisha ya ghala na kuwanunulisha taa za kijani. Nikarudi maabara kama Fundi Mkuu, Mzee Bahati alipostaafu, naye akanikabidhi mizani pamoja na blanketi lake. Nami pia nikastaafu, nikaikabidhi.

Kanisani kwetu wamenitaka mara nyingi niitoe habari hii kama ushuhuda, kwamba hata mbegu ziliisikia sala. Nimekataa kila mara. Mbegu hazikusikia neno. Zilipata mwanga wa nta, zikafanya zilivyoumbwa kufanya. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nimerudi kwenye zile siku tatu za kunyamaza. Shukrani yangu ni ndogo zaidi, na naiona ni ya kweli zaidi: kwamba miguu yangu, ambayo haikutaka, ilinifikisha kwenye mlango ule wakati ripoti ikiwa bado mezani. Utulivu sikuupata. Mpaka leo nikizima taa ya chumba huwa nakagua mara mbili. Lakini nimezeeka na jina ambalo naweza kulitia chini ya kazi zangu zote, hata ile iliyoharibika.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu aibariki mikono yako na mizani yako. Akukinge na kosa unaloweza kukingwa nalo. Na lile litakalokupata, akupe kulitambua mapema, akutie moyo wa kubisha mlango kabla barua haijatiwa gundi, na akuwekee upande wa pili wa mlango huo mtu mkali mwenye haki. Amina.